Bumu la Hasheem

Mimi ni Yanga kwa kurithi, na hilo halina mjadala. Lakini timu inayoninyima usingizi kila mwezi wa tatu si Yanga. Ni timu ya mpira wa kikapu ya chuo kikuu kimoja kilichoko Storrs, jimbo la Connecticut, Marekani, mahali ambapo sijawahi kukanyaga na sina ndugu wala rafiki. Chuo chenyewe kilianza mwaka 1881 kama shule ya kilimo. Leo kina makombe sita ya ubingwa wa taifa kwa upande wa wanaume, na manne ya mwisho nimeyashuhudia nikiwa macho, saa ambazo majirani zangu wa Tabata walikuwa ndio kwanza wanatoka msikitini au wanagombania daladala.

Ukiniuliza kwa nini, jibu ni jina moja: Hasheem Thabeet.

Kwa wadogo zetu ambao hamkuwepo: Hasheem ni kijana wa Dar es Salaam, mzaliwa wa 1987, aliyechelewa kuanza kikapu, akarefuka mpaka mita 2.21, akaenda kumalizia sekondari Marekani, na mwaka 2006 akaingia University of Connecticut, chuo ambacho wenyewe wanakiita UConn. Misimu mitatu alikaa pale chini ya goli akipangua mipira kama mtu anayefukuza nzi. Mwaka 2008 na 2009 alitajwa mlinzi bora wa ligi yao, Big East. Juni 2009 akachaguliwa wa pili katika wachezaji wote walioingia NBA mwaka ule, akaenda Memphis. Aliyechaguliwa wa tatu, nyuma yake, ni James Harden. Wa saba ni Stephen Curry. Najua mnachotaka kusema. Wamarekani wamekisema kwa miaka kumi na sita, hawahitaji msaada wetu.

Wala hakuwa Mtanzania wa kwanza kupita njia ile. Wazee wanamkumbuka Suleiman Nyambui, aliyesoma na kukimbia University of Texas at El Paso na mwaka 1980 akachukua medali ya fedha ya mita 5,000 kule Moscow. Lakini Nyambui tulimjua kupitia redio na simulizi za baba. Hasheem alikuwa rika letu. Tulikuwa na watu Mlimani walioapa kwamba walishawahi kucheza naye, na kwa idadi yao ile timu ya mtaani kwao lazima ilikuwa na wachezaji mia mbili.

Mwaka 2009 nilikuwa mwaka wa kwanza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nakaa hosteli ya Mabibo. Televisheni ya pale ilikuwa mali ya Arsenal na Man U, kwa hiyo UConn niliifuata kwenye intaneti kafe, nikifungua ukurasa wa matokeo, nikiufungua tena, na tena. Machi 12 walicheza na Syracuse ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Mechi iliisha sare. Wakaongeza muda. Sare. Wakaongeza tena. Waliongeza mara sita, jamani. Ilikwisha Syracuse 127, UConn 117, saa saba na ushee usiku kwao, kwetu kumekucha kitambo na mwenye kafe ananiangalia kwa macho ya kuuliza kama nina hela ya muda wote ule. Wiki tatu baadaye wakafika nusu fainali kule Detroit, mbele ya watu zaidi ya 72,000, wakafungwa na Michigan State 82 kwa 73. Ndiyo ikawa mechi ya mwisho ya Hasheem akiwa mwanafunzi.

Sasa wakati huohuo, Mabibo tulikuwa tunasubiri bumu.

Kwa msomaji ambaye hakupita huko: bumu ni fedha ya kujikimu inayotoka Bodi ya Mikopo. Bumu likitoka, hosteli nzima inanukia kuku. Bumu likichelewa, watu wanapiga pasi ndefu, yaani unaruka milo mpaka mchana na usiku vinakutana kwenye chapati moja. Likichelewa sana, mgomo. Katika moja ya siku hizo za pasi ndefu jamaa wa kitanda cha juu, kijana wa Singida asiyejua hata kikapu kinachezwa na watu wangapi, aliniuliza swali la kawaida tu: huyu Hasheem wenu analipwa shilingi ngapi?

Nikamwambia halipwi.

Akacheka. Akadhani namficha. Watu 72,000 wanakata tiketi, televisheni zinaonyesha, halafu halipwi? Nikamweleza kwamba anapewa ada, chumba, chakula na vitabu, ila mshahara ni marufuku, na zawadi ni marufuku, na tangazo la biashara ni marufuku, akikamatwa anafungiwa. Jamaa akafikiri kidogo, akasema, "Kwa hiyo ana bumu." Akalala.

Sijapata maelezo bora zaidi ya hayo kutoka kwa mchambuzi yeyote wa Marekani, na nimesoma wengi.

Mwezi mmoja kabla, Februari 2009, kulikuwa na kisa ambacho mimi kama mwandishi wa habari huwa nakirudia sana. Baada ya mechi moja, mwandishi wa kujitegemea alisimama kwenye mkutano wa kocha na kumuuliza Jim Calhoun, kocha wa UConn, kama yuko tayari kurudisha sehemu ya mshahara wake, dola milioni 1.6, kwa sababu jimbo lilikuwa na nakisi kubwa ya bajeti na yeye ndiye mtumishi wa umma aliyelipwa kuliko wote Connecticut. Calhoun akawaka. Akasema harudishi hata senti, na kwamba timu yake inaingizia chuo dola milioni 12 kwa mwaka. Video ilisambaa, watu wakagawanyika: wengine wakamtetea mwandishi, wengine wakamtetea kocha.

Kinachonishangaza kila nikiiangalia ni kwamba pande zote mbili zilikubaliana kwenye jambo moja bila kulitamka. Mwandishi anazungumzia mshahara wa kocha. Kocha anazungumzia mapato ya chuo. Milioni 12 zimetajwa, na waliozizalisha wapo chumba cha pili wanafunga kamba za viatu. Mmoja wao ni mtoto wa Dar mwenye mita 2.21. Hakuna aliyemtaja, kwa sababu kwenye hesabu ile hakuwemo.

Na hakuwemo kwa makusudi. Chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, NCAA, kilikuwa na mkurugenzi mtendaji wake wa kwanza, Walter Byers, aliyekaa madarakani kuanzia 1951 mpaka 1987. Katika miaka ya hamsini mchezaji mmoja wa chuo kidogo cha Colorado, Ray Dennison, alifariki kwa kuumia uwanjani, na mjane wake akadai fidia ile anayolipwa mtu aliyefia kazini. Kama angeshinda, kila mchezaji angekuwa mfanyakazi. Hakushinda, mwaka 1957 Mahakama Kuu ya jimbo ilimkatalia. Na NCAA wakahakikisha swali halirudi kirahisi: wakaunda neno, mwanafunzi-mwanamichezo, wakalisukuma kila mahali mpaka likaonekana limekuwepo tangu enzi na enzi. Byers mwenyewe, baada ya kustaafu, aliandika kitabu mwaka 1995 akiushambulia mfumo alioujenga. Wastaafu ndivyo walivyo. Hata hapa kwetu, ukitaka kusikia ukweli wa wizara, msubiri katibu mkuu apate kiinua mgongo.

Kwa upande mwingine, mimi si mmoja wa wale wanaosema ufadhili wa masomo si kitu. Hayo ni maneno ya mtu ambaye hajawahi kusimama foleni ya ada. Chumba cha habari nina mwenzangu wa dawati la michezo, mkubwa wangu kwa umri, ambaye kila nikianza hotuba hii hunikatiza: "Bwana wee, wanasomeshwa bure." Na ana hoja. Miaka minne ya chuo cha Marekani bila deni ni kitu ambacho Wamarekani wenyewe wanakililia. Hasheem alikaa misimu mitatu, akatoka na kwenda kulipwa mamilioni. Huyo si wa kumlilia.

Ila Hasheem ni mmoja. Wengi wa wale aliocheza nao hawakwenda kokote kwenye mamilioni. Kwa hao, miaka ile ndiyo ilikuwa miaka ambayo miili yao ina thamani sokoni, na soko lilikuwa limefungwa kwa upande wao tu. Mwaka 2010 televisheni za CBS na Turner zilisaini mkataba wa dola bilioni 10.8 kwa miaka 14 kuonyesha mashindano ya Machi. Yaani soko lilikuwepo.

Halafu likaja la njaa. Aprili 2014 UConn walitwaa ubingwa kwa kuwafunga Kentucky 60 kwa 54, mbele ya watu zaidi ya 79,000 kule Texas. Mchezaji bora alikuwa Shabazz Napier, mfupi, mjanja, anayecheza kama ana deni la mtu. Katika siku zilezile za ushindi akawaambia waandishi kwamba kuna usiku anaolala na njaa. Bingwa wa Marekani, mshumaa wa chuo kizima, na yeye anapiga pasi ndefu! Nilikuwa nimeshaanza kazi gazetini, na niliisoma habari ile mara mbili kuhakikisha nimeelewa. Ndipo nilipojua jinsi sheria za chakula zilivyokuwa. Kulikuwa na kipindi ambacho chuo kiliruhusiwa kumpa mchezaji mkate mkavu kama kitafunwa, lakini ukipaka jibini juu, huo umekuwa mlo, na mlo una hesabu yake. Mtu mzima, mwenye shahada ya sheria, alikaa ofisini akaandika hilo. Mwezi uleule wa Aprili NCAA wakaruhusu chakula bila kikomo. Wakadai walikuwa wanalifanyia kazi tangu zamani, na huenda ni kweli.

Mambo ya mahakamani nitayapitia haraka, maana yanachosha na mwisho wake ni mmoja. Julai 2009, mwezi mmoja baada ya Hasheem kwenda Memphis, mchezaji wa zamani wa UCLA anayeitwa Ed O'Bannon alifungua kesi baada ya kujiona ndani ya mchezo wa video: mrefu kama yeye, kipara kama chake, anatumia mkono wa kushoto kama yeye, namba yake, na hajalipwa kitu. Agosti 2014 Jaji Claudia Wilken wa California akampa ushindi, ingawa rufaa iliupunguza makali. Juni 2021 Mahakama ya Juu kabisa ikaishinda NCAA kwa kura tisa kwa sifuri katika kesi ya Alston, na Jaji Kavanaugh akaongeza maoni yake kwamba biashara ya namna hii ingekuwa haramu karibu katika sekta nyingine yoyote ya nchi. Siku kumi baadaye, Julai 1, NCAA wakaachia: mchezaji sasa ruhusa kuuza jina lake na sura yake. Tangazo la gari, soksi, pizza, chochote.

Nilifurahi. Nilidhani kesi imekwisha, na kwamba sasa nitaangalia mechi kama mtu mwingine, bila kuwaza nani kala na nani hakula.

Aprili 2023, Houston. Usiku wa fainali kwao, kwetu saa kumi na nusu alfajiri, mwezi wa Ramadhani. Nilikula daku nikimwangalia Adama Sanogo, kijana wa Mali, akiwasukuma San Diego State kama anahamisha kabati. UConn 76, San Diego State 59. Sanogo akatajwa mchezaji bora wa hatua ya mwisho ya mashindano. Mashindano yale alikuwa anafunga, na kuna mechi aliingia uwanjani jua halijazama, mdomo mkavu. Sijui kama kuna mchezaji niliyewahi kumpenda zaidi.

Sasa sikiliza. Wakati huo wenzake wa Kimarekani, hata wale wa benchi, walikuwa huru kusaini matangazo. Yeye, mchezaji bora, alikuwa amefungwa mikono. Si na NCAA safari hii, bali na visa. Wachezaji wengi wa kigeni wanaingia Marekani kwa visa ya mwanafunzi, F-1. Visa hiyo inakuruhusu kufanya kazi ndani ya chuo, mwisho saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea. Nje ya chuo, mpaka kibali maalumu. Kusimama mbele ya kamera na kutangaza duka la magari ni kazi. Ukiifanya bila kibali umevunja masharti ya visa, na adhabu yake si faini. Adhabu yake ni ndege.

Mwaka mmoja kabla kulikuwa na Oscar Tshiebwe wa Kentucky, mtoto wa Lubumbashi, mji ambao ukikosea njia unaelekezwa kwa Kiswahili. Mwaka 2022 alitajwa mchezaji bora wa vyuo Marekani nzima. Unajua hela ya matangazo aliipataje? Agosti ile timu ilikwenda kucheza mechi za kirafiki Bahamas, na alipokuwa huko, nje ya ardhi ya Marekani, ndipo akafanya shughuli zake za matangazo. Anavuka bahari kwenda kupigwa picha, halafu anarudi darasani kuwa mwanafunzi. Hadithi hii nimeisimulia vijiweni mara nyingi na watu hucheka. Mimi pia nilicheka mara ya kwanza.

Seneta Richard Blumenthal wa Connecticut aliungana na mwenzake wakapeleka mswada mwaka huo wa 2023 ili wanamichezo wa kigeni waruhusiwe. Naandika haya Agosti 2025, na haujawa sheria.

Juni mwaka huu Jaji Wilken, yuleyule, aliidhinisha makubaliano ya kesi inayoitwa House. Kuanzia Julai 1 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa wachezaji moja kwa moja, mpaka kama dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka huu wa kwanza. Na kuna malimbikizo, takriban dola bilioni 2.8 kwa muda wa miaka kumi, kwa waliocheza kuanzia 2016. Hasheem, 2009, hayumo. Napier na njaa yake ya 2014, hayumo. Mikataba ya matangazo ya dola 600 na kuendelea inatakiwa kupitishwa kwenye mfumo wa ukaguzi ulioundwa na kampuni ya mahesabu, waseme kama bei ni halali. Watu waliokaa miaka sabini wakisema mchezaji hana bei, sasa wana ofisi ya kukagua bei yake.

Na mimi shabiki? Mimi nimepoteza timu. Sitaki kujifanya mwema kiasi cha kutolisema hili. Tangu 2024 mchezaji anaweza kuhama chuo kila mwaka bila kukaa nje hata mechi moja, na majira ya kuchipua ya mwaka huu zaidi ya wachezaji 2,000 wa kikapu cha wanaume waliingia kwenye orodha ya wanaotaka kuhama. Kwetu dirisha la usajili lina vurugu zake, lakini angalau Simba akimchukua mchezaji wa Yanga kuna mkataba wa kuvunja, kuna klabu ya kulipwa, kuna matusi ya wiki mbili redioni. Kule mchezaji anaondoka tu, kama mpangaji. Nikishajifunza kutamka majina, timu imekuwa nyingine. Kocha wa sasa, Dan Hurley, alisaini 2024 mkataba wa dola milioni 50 kwa miaka sita, kwa hiyo angalau jina lake nina uhakika nalo. Na mwaka jana kikundi cha wafadhili wa chuo kimoja, nisikitaje, kilinitumia barua pepe kikiomba nichangie kila mwezi ili wachezaji walipwe. Mimi! Mwandishi wa gazeti Dar es Salaam! Nilimwonyesha mwenzangu wa dawati la michezo. Akaniuliza kama wanapokea M-Pesa.

Lakini hayo ni maudhi ya mtu mwenye king'amuzi. Kinachonifanya niandike kimetokea nyumbani.

Dada yangu mkubwa ni muuguzi, anakaa Magomeni. Mtoto wake wa pili ana miaka 17, amemaliza kidato cha nne, ana mita 2.03 na bado viatu vinambana kila baada ya miezi sita. Anacheza kikapu Kidongo Chekundu, JMK Park. Ana mikono. Nasema hivyo si kwa sababu ni mpwa wangu. Nimeangalia kikapu miaka mingi na najua mtu mwenye mikono. Mwezi wa tano mtu anayejiita wakala alimpata kupitia kundi la WhatsApp. Akamwambia kuna shule ya maandalizi Marekani, mwaka mmoja, baada ya hapo chuo kikubwa, na huko sasa wachezaji wanalipwa: dola laki mbili kwa mwaka, kwa kuanzia. Kinachohitajika kwa sasa ni shilingi milioni saba za "maandalizi ya nyaraka".

Dada ana kiwanja Chanika. Alinipigia simu Ijumaa usiku. Hakuniuliza kama auze. Aliniuliza kama nina mtu anayenunua viwanja.

Jumapili nikaenda. Tulikaa sebuleni, dada, shemeji, mpwa amejikunja kwenye kochi lisilomtosha, na simu ya shemeji imewekwa mezani, sauti ya wakala inatoka humo kwa ujumbe wa dakika nne akieleza kesi ya House. Nakiri jamaa alikuwa ameisoma. Tarehe alizipata, milioni 20.5 aliipata, kila alichokisema kilikuwa kweli. Neno visa halikutajwa hata mara moja.

"Mjomba," mpwa akasema, "si sheria imebadilika?"

Nikamwambia imebadilika. Nikamweleza ya Sanogo na ya Bahamas. Alikuwa anamjua Sanogo, video zake anazo, lakini ya visa hakuwahi kuisikia. Akauliza hizo fedha za chuo chenyewe, siyo za matangazo, mwenye F-1 anazipata? Nikamwambia wanasheria wa huko wamegawanyika: wapo wanaosema ikilipwa kama haki ya picha, bila yeye kufanya kazi yoyote, inawezekana, wapo wanaosema ni hatari, usiguse. Na atakayebeba hatari hiyo ni mwenye visa. Chuo hakifukuzwi nchini.

Dada alikuwa kimya muda wote. Halafu akauliza swali la kiuguzi: "Akivunjika goti?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Nikachukua daftari la kemia la mpwa, tukaandika maswali ukurasa wa nyuma. Visa ya aina gani, na fomu ya kuombea inatolewa na shule ipi, kwa jina lake kamili. Ufadhili ni wa mwaka mmoja mmoja au mpaka amalize. Goti nani analitibu, na akiwa hachezi tena anaendelea kusoma au anarudi. Wakala anachukua asilimia ngapi, ya nini, kwa mkataba gani. Shemeji akayasoma yote kwa wakala kwenye simu, taratibu, kama anasoma tangazo la kifo. Jamaa akajibu la visa: "F-1, hiyo ni ya kawaida tu." Akajibu la asilimia: ishirini. Mengine akasema atarudi. Ni wiki ya tano sasa.

Kocha wa Kidongo Chekundu ndiye aliyetutafutia njia nyingine. Ana mtu aliyewahi kumfundisha ambaye alisoma chuo kidogo huko, si cha televisheni, ukumbi wake unaingia watu wachache kuliko Uwanja wa Ndani wa Taifa. Tukatuma video. Kocha wa chuo hicho akaandika mwenyewe, barua fupi, haina alama za mshangao. Ada yote, chumba, chakula. Ufadhili unatolewa mwaka mmoja mmoja, lakini akiumia akiwa kwao hawaukati. Kuhusu hela: hakuna, na kwa visa yake asimwamini atakayemwambia ipo. Mtihani wa Kiingereza aufanye kabla ya Desemba.

Mpwa aliisoma barua hiyo akarudisha simu bila kusema kitu, akaenda mazoezini. Sikumfuata. Ana miaka 17 na amekaa miezi mitatu akihesabu dola laki mbili; hazitoki kichwani kwa barua pepe moja. Jioni alirudi, akaniuliza Napier siku hizi yuko wapi.

Kwenye ile barua kocha aliambatanisha sera ya bima ya wanamichezo, kurasa 14 za maandishi madogo. Niliichapisha ofisini. Dada anaisoma usiku akitoka zamu, na kalamu nyekundu. Kiwanja cha Chanika bado kipo. Jana alikuwa amefika ukurasa wa tisa, sehemu ya magoti, na ana maswali matatu ambayo anataka niyaandike kwa Kiingereza kizuri.